Kinyesi cha ndege kinachotembea

SWALI: Shikamoo mama. Nina kitalu cha michungwa hapa Muheza, karibu na kichaka. Kwenye majani machanga naona kama kinyesi cha ndege, lakini kinatembea! Nilipokigusa kilitoa pembe mbili nyekundu na harufu kali. Jirani ananishauri nipige dawa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Weka bomba chini kwanza. Huyo ni kiwavi wa kipepeo wa michungwa, Papilio demodocus, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anayezunguka pembezoni mwa misitu na mashamba. Bila shaka umemwona mara nyingi: hata akinyonya ua, mabawa yake hayatulii.

Jike hugusagusa jani kwa miguu ya mbele, akilionja, kisha hutaga yai moja moja la manjano hafifu. Kiwavi akiwa mdogo ana rangi ya kahawia na baka jeupe, ndiyo maana ndege humpita wakidhani ni uchafu wao wenyewe. Akishajivua ngozi mara kadhaa hugeuka kijani, naye huwa amenenepa, urefu wa kama sentimita 4. Zile pembe si za kuchoma. Hukaa zimefichwa nyuma ya kichwa, na harufu yake huwafukuza chungu na adui wengine.

Mti mkubwa hausumbuki naye, ila mche wa majani kumi anaweza kuumaliza. Kwa hiyo pita kitaluni kila asubuhi, waokote kwa mkono, uwahamishie kwenye mchungwa mzee au mjafari kichakani. Ukipiga dawa utaua na wasaidizi wako. Nilipolea pupa watano (pupa ni kiwavi aliyejifunga akisubiri kugeuka kipepeo) dirishani kwangu, mmoja hakutoa kipepeo. Walitoka nyigu wadogo wadogo waliokuwa wamemla kwa ndani. Nyigu hao wanakufanyia kazi bure.

Bakiza kiwavi mmoja kwenye tawi la mlimau, mfunike kwa chandarua. Atajifunga kwa uzi mwembamba kiunoni na kuwa pupa, wa kijani akiwa kati ya majani, wa kahawia akiwa kwenye gome. Subiri wiki mbili au tatu. Akitoka, mabawa huwa yamekunjamana na yamelowa, naye huning'inia mpaka yanyooke. Usimguse hapo, nakusihi. Bawa likikauka limepinda, haruki tena.