Mbwa kunyonyoka manyoya: oili chafu usimpake

Pole ndugu uliyeuliza kama umpake mbwa wako oili chafu, kama anajikuna usiku kucha na manyoya yamenyonyoka kwenye ncha za masikio na viwiko kama ulivyosema, mi nahisi huo ni upele unaoletwa na wadudu wadogo sana wanaochimba ngozi, sio viroboto. Jaribu hivi, sugua ukingo wa sikio kwa vidole, mguu wa nyuma ukianza kurukaruka wenyewe basi ni dalili ya upele huo. Daktari wa mifugo akwangue ngozi acheki kwa hadubini, ila akikosa wadudu bado usiseme hamna, wanajificha sana hawa. Oili chafu ya gari achana nayo, atailamba! Ivamektini (dawa ya kuua wadudu hao) usimpimie mwenyewe, na dawa ya mbwa yenye pamethrini (sumu ya viroboto na kupe) paka wako asiiguse kabisa, inaua. Mbwa wengine hapo home watibiwe wote pamoja.