Gurudumu la Kushoto Kwanza

Juzi kijana mmoja anayesomea urubani kaniandikia: ana saa 38 angani, na akisikia tu upepo wa ubavuni mikono inamtoka jasho. Ujumbe wake nimeusoma mara tatu. Mdogo wangu, mimi nilikuwa na leseni na saa zaidi ya 200 nilipoipeleka Cessna 172, ndege ndogo ya watu wanne, majanini.

Ulikuwa mwezi wa saba, kusi imeshika, uwanja mdogo wa pwani wenye barabara moja ya kutulia. Redioni nikapewa upepo wa noti 16 (noti ni maili ya baharini kwa saa), dharuba zikifika 25, kutoka nyuzi 60 kushoto kwangu. Hesabu niliijua: ubavuni napigwa na noti 14, na dharuba ikija ni karibu 22. Kitabu cha ndege ile kinataja 15, ndio upepo iliojaribiwa nao. Nikajiambia naiweza. Nina abiria watatu, na ndugu zao wamejipanga kwenye uzio wananisubiri.

Nilikuja vizuri, na hilo nalisema hadi leo. Bawa la kushoto nimelilaza upeponi, mguu wa kulia umekaza pedali inayogeuza pua, pua imenyooka na mstari wa katikati. Gurudumu la kushoto likagusa kwanza, kisha la kulia, kisha la mbele. Nikashusha pumzi, na usukani nikaurudisha katikati kana kwamba safari imekwisha. Dharuba ikaja, bawa la kushoto likanyanyuka, pua ikageukia upepo, tukatoka barabarani. Propela ikachimba mchanga. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, lakini wenzangu waliniita "Mkulima" mwaka mzima, na bado linaniuma.

Basi nisikilize. Ukishagusa, usukani uendelee kuelekea upeponi, na kadiri mwendo unavyopungua ndivyo unavyozidi kuuzungusha hadi mwisho wake, maana eleroni, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyofuata usukani, zinaishiwa na hewa ya kushika. Usiuachie mpaka ndege imesimama. Unapokuja kutua, ongeza mwendo kwa nusu ya tofauti kati ya upepo wa kawaida na dharuba. Kwangu siku ile ni noti 4 na kidogo. Na pedali ikifika mwisho huku pua bado inavutwa, upepo umeshakushinda: nguvu yote ya injini, panda, tafuta uwanja mwingine. Abiria wakinuna, waache wanune. Wale wangu wangenuna saa moja tu.

Mwombe mwalimu wako mtoke siku ambayo soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea, imekingama na barabara, msiikimbie. Mimi kila kusi ikianza huenda peke yangu, natua mara sita, gurudumu la kushoto kwanza, na usukani siuachii.