Kabla Hujaweka Picha la Zombi, Tazama Nani Kakaa Kwenye Benchi

Nimeendesha banda la video Ngamiani, hapa Tanga, kwa miaka 11. Nilianza na deki na luninga moja; sasa ni projekta na flashi, ila mabenchi ni yale yale. Vijana wanaotaka kufungua mabanda yao huja kuniuliza picha gani zinajaza watu, na wengi huwa wameshajijibu: zombi, wale wafu wanaoinuka na kuwang'ata walio hai, na aliyeng'atwa hugeuka kuwa kama wao. Ni kweli, zinajaza. Lakini picha la zombi lina watu wake, na ukiliweka mbele ya wasio wake unawaumiza. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kuumiza.

Ilikuwa Jumapili alasiri. Niliweka Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968, nikijiambia kwamba picha nyeusi na nyeupe ya zamani kiasi hicho haitamtisha mtu. Benchi za mbele zilijaa watoto. Mle ndani yumo binti mdogo aliyeng'atwa, amelazwa chumba cha chini anaumwa. Anakufa, anaamka, anamuua mama yake kwa mwiko wa fundi ujenzi. Mtoto mmoja wa jirani, wa miaka kama 8, hakupiga kelele. Alikaa kimya tu, machozi yanamtoka. Kesho yake mama yake alifika kabla sijafungua.

"Kaka, umemwonyesha nini mwanangu?"

Mdogo wake alikuwa na homa, na yule mtoto alikataa katakata kulala naye chumba kimoja.

Baadaye nikaja kusoma kwamba hata Marekani yaliwakuta hayo hayo. Picha hiyo ilizinduliwa Pittsburgh tarehe 1 Oktoba 1968, mwezi mmoja kabla utaratibu wao wa kupanga filamu kwa umri haujaanza, kwa hiyo watoto waliingia maonyesho ya mchana bila kuzuiwa. Mhakiki Roger Ebert aliwakuta kwenye onyesho kama hilo na akaandika juu yao, akamtaja binti wa miaka kama 9 aliyekaa ametulia kwenye kiti chake, analia. Niliposoma hapo nilimwona yule mtoto wa jirani yangu.

Tangu siku ile nimeelewa kitu ambacho sikuwa nimekiona. Joka au jini ni mgeni; likishaondoka, limeondoka. Zombi ni mtu wako. Ni mdogo wako mwenye homa, ni baba aliyetoka kazini mkono umefungwa bendeji. Mtu mzima analipa kiingilio aje aulizwe swali hilo: akibadilika umpendaye, utafunga mlango au utafungua? Mtoto hana pa kuliweka swali kama hilo. Kwa hiyo banda langu zombi ni baada ya sala ya isha, na mtoto haingii hata akija na kaka yake, hata benchi likiwa tupu.

Vijana wa kiume wanapenda zombi wanaokimbia. Ukiwawekea 28 Days Later, ya 2002, iliyopigwa London, ambayo wale wanaokimbiza hawajafa bali wana ugonjwa, watasimama juu ya benchi. Usiwanyamazishe. Nilizoea kuwanyamazisha, na nusu yao wakahamia banda la barabara ya pili. Wanachokuja kufanya ni kumpangia steringi njia: usipite hapo, chukua lile panga, mwache huyo ameshang'atwa! Ukiwaziba mdomo, umewauzia nusu ya picha.

Kina mama nilikuwa nawadharau kwenye hesabu hii, na nilikosea sana. Wanaofuatilia tamthilia za Kikorea ndio walioniomba Train to Busan, ya 2016: baba asiye na muda na mwanawe anampeleka binti kwa mama yake kwa treni, na ugonjwa unapanda treni pamoja nao. Niliiweka usiku wa Alhamisi. Mwishoni nilisikia watu wanavuta kamasi gizani, na hakuna aliyetaja damu. Walizungumza juu ya yule baba njia nzima ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo ukitaka kujua picha fulani ni ya kina mama au la, acha kuhesabu damu. Tazama kama ndani yake kuna mtu anayestahili kuliliwa.

Jambo ambalo hakuna atakayekuambia ni msiba. Kuna mama mmoja alitoka nje katikati ya picha. Nikamfuata nikidhani ni joto. Alikuwa amemzika dada yake, arobaini haijafika, na kwenye kitambaa mle ndani maiti walikuwa wanainuka na kupigwa marungu ya kichwa. Sisi maiti tunaiosha, tunaikafini, tunaiombea. Sikuwa na neno la kumwambia zaidi ya pole. Sasa, kama mtaani kuna tanga, sionyeshi zombi mpaka siku zipite. Napoteza pesa, na siioni kuwa hasara. Nyumbani kwako ni rahisi zaidi: uliza kabla hujachomeka flashi.

Halafu kuna wazee. Mzee mmoja, ambaye baba yake aliletwa Tanga kama manamba kukata mkonge, alikuwa akiuliza swali lile lile kila picha: "Mwanangu, hawa nani anawatuma?" Nikawa namjibu hakuna, mzee, wana njaa tu. Haridhiki. Kwake mfu anayetembea ni msukule, na msukule ana mwenyewe: halimi shamba la usiku kwa hiari yake, wala pumba hali kwa kupenda.

Aliyekuwa sahihi ni yeye. Zombi wa kwanza anatoka Haiti, kwa watumwa wa mashamba ya miwa, ambao kwao hofu kubwa ilikuwa kufa halafu bado ukafanyishwa kazi. Ni Romero na waliomfuata waliomwondoa bwana, wakaacha njaa. Nikamtafutia mzee White Zombie ya mwaka 1932. Haina mbio, vijana waliondoka mapema. Kuna mahali wafu wanazungusha kinu cha miwa, mmoja anaanguka ndani, na wenzake hawasimami, kinu kinaendelea kulia. Mzee alikaa mbele kabisa, kofia mkononi. Hakuuliza nani anawatuma.

Picha ilipokwisha aliniambia baba yake alifanya kazi korona, kwenye mashine ya kuchakata mkonge, akanionyesha kwa mkono wake mwenyewe ni vidole vingapi baba alirudi navyo. Wiki iliyofuata alikuja na mzee mwenzake, akaniuliza kama lile la kinu bado ninalo.