Kipandio cha kwanza kutoka juu

Ndugu Mhariri, assalaam alaykum.

Swali lenu la wiki hii linasema: "Je, mzee anayeishi ghorofani ahamishiwe chini kabla hajaanguka ngazini?" Nililisoma jikoni peke yangu, na nikajibu kwa sauti: hapana. Mzee si kabati la kusukumwa kutoka chumba hiki kwenda kile. Itengenezwe ngazi, yeye aachwe pake. Nilikaa kuandika hilo tu, na barua hii nilikuwa niimalize kwa aya mbili.

Nyumba yetu iko Kiponda. Anayeujua Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa ngazi zake. Boriti za mikoko hazivuki nafasi pana, zikifika mita tatu ni nyingi, kwa hiyo vyumba vyembamba, na ngazi imepachikwa kwenye upenyo uliobaki kati ya kuta mbili nene. Imesimama kuliko ilivyolala. Ukishuka, kisigino ndicho kinachopata pa kukaa, vidole vinabaki hewani. Yetu ina vipandio 17: sita kutoka ukumbi wa juu mpaka konani, halafu 11 mpaka mlango wa nje. Bibi yetu aliingia nyumba ile akiwa bi harusi, na vipandio vile alivijua kwa hesabu. Alikuwa akishuka anahesabu kwa mdomo, taratibu, akifika sita anageuka bila ya kutazama.

Desemba 2009 waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka bara uliharibika, na Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Tuliokuwepo tunakumbuka jenereta zilivyokuwa zikinguruma Darajani mchana kutwa, na usiku ulivyokuwa mzito kwa sisi tusiokuwa nayo. Maji nayo yakakatika, maana pampu zinataka umeme. Kila jioni mimi na kaka yangu tulipandisha madumu mawili, moja la kupikia, moja la kutawadhia. Jioni ninayoizungumzia tulipandisha moja. Nilikuwa nimechoka, nikasema la pili tutalipandisha asubuhi. Maneno hayo ni yangu, na nimekaa nayo miaka yote hii.

Alfajiri Bibi akakuta hakuna maji ya kutawadha. Hakutaka kutuamsha. Kandili aliiacha chumbani kwake, nadhani kwa sababu mkononi alikuwa na kopo na mkono wa pili alitaka autie ukutani. Mimi nilikuwa macho nusu. Nilisikia kandambili zake zikipita ukumbini, nikamsikia akisema bismillahi, kisha nikasikia kopo. Kopo la plastiki, likigonga kipandio kimoja baada ya kingine mpaka chini kabisa. Sikusikia sauti yake. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama alipiga kelele, na hakupiga.

Tulimkuta konani, amelalia ubavu wa kushoto, mguu umegeuka nje kwa namna ambayo mguu haugeuki. Kandambili moja alikuwa nayo mguuni. Ya pili ilikuwa juu, kwenye ukingo wa marumaru za ukumbini. Nakumbuka niliiruka ile kandambili kumfikia, na baadaye niliiokota nikaiweka pamoja na mwenzake chini ya kitanda chake, kana kwamba angeivaa siku hiyo hiyo. Jirani mmoja alileta machela, lakini kona haikuikubali, wala kwa kulaza wala kwa kusimamisha. Ikabidi tumkalishe kwenye kiti cha mbao, tumfunge kwa kanga mbili, moja kifuani na moja mapajani, na wanaume wanne wakamshusha, wawili mbele wakirudi kinyumenyume, wawili nyuma. Tochi za simu zilikuwa zikimulika kuta, hazimuliki miguu. Kila kipandio kiti kilitua kidogo, na kila kikitua Bibi alisema "Ya Latifu" kwa sauti ya chini sana. Vipandio 11. Nilivihesabu kwa sababu yeye hakuvihesabu. Tulipotoka nje adhana ilikuwa imeshamalizika, na yeye akauliza kama bado ana wudhu.

Hospitali walisema nyonga imevunjika. Aliishi miaka mitatu baada ya hapo, na hakupanda tena ngazi ile.

Tulimtengenezea chumba cha chini kilichokuwa duka la babu. Watu wa kwetu wanajua maana yake: chini ni pa bidhaa na wageni wa haraka, juu ndiko penye upepo na heshima. Kuta zilikuwa zikitoa chumvi. Shangazi alilia siku tuliyoshusha kitanda. Hapa nilikuwa nimeandika kwamba Bibi alinyong'onyea huko chini mpaka akatutoka, ili jibu langu la "hapana" lipate nguvu. Nimeifuta sentensi hiyo, kwa sababu si kweli. Mlango wa duka ulikuwa unafungukia barazani. Alikuwa akikaa pale tangu asubuhi, wapita njia wanamwamkia, muuza kahawa anasimama, watoto wa chuoni wanampitia na juzuu zao. Habari za mtaa alizipata kabla yetu. Ukweli ni kwamba tangu magoti yaanze kumsumbua, huko juu alikuwa akishuka mara moja kwa wiki, pengine chini ya hapo. Tulikuwa tumemweka kama sahani za kale kwenye zidaka, zinazopanguswa vumbi na kuonyeshwa wageni.

Basi nikaacha kuandika nikaenda ngazini. Nilitaka niwape vipimo, nionyeshe kwamba nyumba ndiyo yenye kosa. Nilichukua futi ya fundi nikapima kimo cha kila kipandio. Inchi nane, nane na robo, saba na robo tatu. Ni ngazi ya zamani, haina usawa wa dukani, lakini hazipishani sana. Kipandio cha kwanza kutoka juu kilinipa tisa na nusu. Nikapima tena.

Marumaru tuliziweka ukumbi wa juu kabla ya Ramadhani ya 2009. Fundi alimwaga saruji juu ya sakafu ile ile ya chokaa, akapanga marumaru, na sote tulifurahi zilivyong'ara. Ukumbi ulipanda inchi moja na nusu, ngazi ikabaki ilipo. Mchana jicho linaona na mguu unajirekebisha wenyewe. Gizani mguu unafuata unachokikumbuka, na mguu wa Bibi ulikuwa na kumbukumbu ya miaka mingi dhidi ya miezi minne ya marumaru. Aliteremsha unyayo pale kipandio kilipokuwa siku zote, akakuta hewa. Kandambili iliyobaki juu ilikuwa inatuambia, nasi tuliiokota tu.

Kwa hiyo kwanza nawaambia wenye nyumba: ukiinua sakafu, juu au chini, umeiharibu ngazi, hata kama hukuigusa. Vipandio vyote viwe na kimo kimoja, huo ndio msingi ambao kila fundi anaujua na anausahau siku ya marumaru. Mengine yanajulikana. Taa iwashwe na kuzimwa juu na chini, na taa ya kuchaji iwe karibu, maana umeme wetu tunaujua. Ukingo wa kila kipandio upigwe mstari wa rangi inayoonekana. Kishikio kiwe cha duara, kiganja kiweze kukifumbata, na kisiishie kabla ya kipandio cha mwisho. Sisi tulifunga kamba, kama nyumba nyingi, nayo kamba ikilegea inakwenda na wewe. Shida ni kwamba ukuta wa matumbawe na chokaa haushiki skrubu, inatoka na unga wake. Bora nguzo zisimikwe kwenye ngazi yenyewe. Na mzee anayemeza dawa za presha akae kwanza kitandani kidogo kabla ya kusimama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na kati ya ajali zote ni za barabarani tu zinazoua zaidi. Kuhusu barabara tunapiga kelele kila siku.

Jibu langu sasa. Mama yangu ana miaka 71 na analala chumba kile kile alicholala Bibi. Nilianza kwa hapana, na kwa mama yangu nasema ndiyo, ashuke, na ashuke akiwa mzima, kwa miguu yake. Lakini aulizwe yeye. Na chumba kikaushwe kwanza, kipigwe lipu ya chokaa, si ya saruji inayofungia unyevu ndani. Na kama chumba cha chini hakina mlango wa barazani, kina ukuta na dirisha la nyuma tu, basi sijui kama ningesema ndiyo. Aliye ghorofa ya tano Michenzani hana chini ya kuhamia, na kwake jibu langu halina faida; yeye anahitaji kishikio na taa. Wala kumhamisha mama si ruhusa ya kuiacha ngazi ilivyo, kwani watoto wangu wanaipanda kila siku.

Jana usiku nilimwonyesha Mama ile futi. Hakushangaa. Akaniambia tangu wiki ya ajali alijua ni kipandio gani, ndiyo maana akishuka huishika fremu ya mlango, kitu nilichodhani ni mazoea. Hakusema, kwa sababu marumaru zile alizinunua marehemu baba, kwa fedha zake za kiinua mgongo.

Fundi anakuja Jumamosi kuzibandua. Mama hajasema kama atashuka.

Msomaji wenu,
Kiponda, Unguja