Lebo Si Maiki: Tulivyoanza na Magodoro Mishomoroni

Tangu niseme hapa kwamba kampuni moja ya matangazo imelipia wimbo wetu wa zamani, simu haijapoa. Hata watu waliokuwa wakinipita pale Buxton, hapa Mombasa, bila salamu siku hizi wanasimamisha tuktuk kuniuliza hali ya mama. Alhamdulillahi. Lakini ujumbe ulionikalisha chini niandike umetoka kwa kijana wa Mikindani: "Salaam bro. Nina laptop, nina maiki, wasanii wakali ninao watatu. Nianzeje lebo ya muziki kama yenu?"

Bro, ulichonitajia ni studio. Tena nzuri kuliko niliyoanza nayo mimi. Lebo hujaitaja bado.

Mimi sikuanza na maiki. Nilianza na kibanda Mwembe Tayari, kompyuta moja ya mtumba na spika mbili, nikiwawekea watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Madereva wa matatu za Bamburi na Mtwapa wakiniachia flashi zao asubuhi, wanazifuata jioni. Akina mama walitaka taarab ya harusi, makondakta walitaka Bongo na rege, wazee walitaka zilizopendwa. (Nyimbo hazikuwa zangu na ruhusa sikuwa nayo. Mji mzima uliuza hivyo, sijifanyi mtakatifu.)

Pale kibandani ndipo nilipoona jambo ambalo watu wa studio hawakuliona. Mteja anakuja, jina la wimbo halijui, ananiimbia kiitikio. Ni wa kijana wa Likoni, au wa dada wa Majengo, ameusikia redioni mara moja na umemkaa kichwani. Naenda kuutafuta, siupati. Prodyuza amefuta, msanii anayo nakala moja tu aliyoirekodi kutoka redioni, na mtangazaji anaongea katikati yake. Nyimbo za watu wa hapa zilikuwa zinatakiwa, lakini hazikuwa na mwenyewe wa kuzitunza. Nikasema basi, huyo mwenyewe nitakuwa mimi.

Na wala si mimi niliyeanza. Mombasa lebo zimezaliwa kaunta tangu zamani. Assanand walikuwa watu wa duka, na kutoka dukani ikatoka lebo ya Mzuri, iliyotoa santuri za taarab ya pwani hii. Zama za kaseti zilipoingia, duka la Mbwana Radio kule Mji wa Kale likawa ndilo la kuendewa ukitaka taarab. Mwenye duka anasikia kila siku mteja anaulizia nini. Prodyuza aliyejifungia chumbani na vifaa vya bei kubwa hasikii ila biti yake mwenyewe, na marafiki zake wanaomwambia ni kali.

Nilipopata akiba kidogo nikapanga chumba Mishomoroni. Ukutani tukasimamisha magodoro ya sponji tuliyoyanunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Trei za mayai msihangaike nazo, hazizuii sauti kuingia wala kutoka, zinafuga mende tu. Feni haiwashwi ukirekodi, na mtu aliyekaa chumba cha bati msimu wa kaskazi anajua nasema nini: wasanii waliimba na fulana, wengine bila. Ukuta wa kushoto alikuwepo fundi wa kuchomelea mageti. Misikiti ya jirani ilikuwa mitatu na haiadhini pamoja, huyu akimaliza anaanza yule, kwa hiyo tulikuwa tunaanza kazi baada ya isha, fundi amelala na mtaa umetulia. Mwisho wa kazi ulikuwa pale mama wa mahamri alipoanza kugongagonga sufuria zake nyuma ya dirisha. Katika nyimbo zetu za mwanzo kuna moja ukivaa hedifoni unaisikia sufuria. Tumeiacha.

Sehemu inayofuata vijana hawapendi kuisikia. Iliyolipa kodi ya chumba haikuwa muziki mnaouota. Ilikuwa kaswida. Mwezi wa maulidi, Mfungo Sita, ukikaribia, vikundi vya madrasa vinataka kurekodi, na vinakuja vimejiandaa. Watoto ishirini, ustadhi mmoja, mashairi wameyahifadhi, dufu zimekazwa. Wanaimba mara mbili wamemaliza, na pesa imeshachangwa na wazazi. Disemba zinakuja kwaya za Changamwe na Magongo. Katikati yake tunafanya tangazo la duka la nguo, la zahanati, la shule ya udereva. Wasanii wangu waliniona nimejishusha. Mmoja alisema wazi kwamba yeye hawezi kuwa lebo moja na kwaya. Lakini tokeni za umeme alizoimbia zilinunuliwa na kwaya hiyo hiyo, na sikumsikia akizikataa.

Nyimbo za kampeni nazo zina pesa, ila mwanasiasa alipe yote kabla hujampa faili. Mmoja alitupa nusu, wimbo ukazungushwa kwenye pikapu Kisauni nzima mpaka watoto wakaujua, uchaguzi akaanguka, na nusu ya pili ikaishia kwenye "mteja wa nambari uliyopiga hapatikani." Simtaji. Namwona harusini mara kwa mara, anakula pilau vizuri tu.

Miaka ya katikati naruka, ilikuwa kulipa kodi na kubadilisha hard disk za kompyuta.

Sasa kuna kijana mmoja wa Likoni, msanii wetu. Nilikuwa nimeazimia nisimtaje hapa, lakini bila yeye hamtaelewa. Ndiye aliyetupa wimbo wetu wa kwanza kupigwa kila mahali, kuanzia kwenye matatu mpaka kwenye ngoma za kigodoro. Nauli ya feri na matatu nilimpa mimi, viatu alivyovaa kwenye vidio nilinunua mimi Kongowea, na usiku ukimkuta alilala juu ya godoro tulilolishusha ukutani. Akaja meneja kutoka Nairobi. Ndani ya wiki mbili wimbo uko kwenye akaunti nyingine, picha nyingine, jina letu limefutwa. Nilipompigia aliniambia, "Kaka, kwani tuliandikiana?"

Watu huniambia nilikosea. Mimi sikubali. Mtu anayekula sahani moja na wewe umwandikishe kama mpangaji? Kosa ni lake. Na kila ninapousikia ule wimbo harusini, natoka nje kidogo.

Habari ikamfikia ami yangu, ambaye maisha yake yote alikuwa karani wa mahakama. Akaja studio, akakataa soda, akauliza, "Mali hii ya nani?" Tukamjibu, yetu sote. "Sote ni nani?" Hakuna aliyejibu. Akatoa karatasi ya fulskepu mfukoni, imekunjwa mara nne, akasema mali bila daftari hupotea bila habari, na akaanza kutuhoji mmoja mmoja kama tuko kizimbani. Nani alitunga maneno? Nani alitunga melodi? Biti ya nani? Aliyelipia kurekodi nani? Kikitoka kitu kinagawanywaje, na kwa muda gani? Jina kamili, nambari ya kitambulisho, sahihi, mashahidi wawili. Vijana walicheka. Dada mmoja wa Majengo, aliyekuwa ameturekodia wimbo mmoja tu wa chakacha, ngoma yetu ya pwani, hakucheka. Alikwenda kumleta mamake awe shahidi, na mama akasoma karatasi mara mbili kabla ya kumkubalia bintiye aweke sahihi. Chakacha ile ilipotoka haikwenda popote. Ilikaa.

Ndiyo hiyo iliyolipiwa.

Kampuni ya matangazo walipotutafuta, hawakuuliza maiki yetu ni ya aina gani. Hawakuuliza tuna wafuasi wangapi. Wakili wao aliuliza: rekodi ni ya nani, utungo ni wa nani, kuna kipande kilichochukuliwa kwenye wimbo wa mtu mwingine, na nani ana mamlaka ya kutia sahihi. Nilipiga picha ile fulskepu nikaituma jioni ile ile. Baadaye nikaambiwa walikuwa wanafikiria nyimbo kadhaa za pwani, na kwa baadhi yake hakupatikana mtu wa kusema "hii yangu" akaonyesha kitu. Nusu ya yule dada iliingia benki kwake kabla mimi sijagusa yangu. Hili nalisema kwa kujisifu, naam, kwa sababu najua lebo ambazo hazifanyi hivyo.

Basi elewa hapa, bro. Wimbo mmoja una mali mbili. Kuna utungo, yaani maneno na melodi, na kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa. Chukua Jambo Bwana. Mtunzi ni Teddy Kalanda Harrison, na Them Mushrooms, bendi iliyoanzia hapa hapa Mombasa, waliitoa 1982. Mwaka uliofuata Boney M. wakaitoa kwa sauti zao huko Ulaya. Rekodi ya Boney M. si ya Mushrooms, lakini utungo haukubadilisha baba kwa kuimbwa Ulaya. Kwa sheria ya Kenya utungo unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Rekodi inalindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Na haki hizo hazihami kwa mdomo. Lazima maandishi, na sahihi ya anayezitoa. Lebo ni yule anayeshikilia rekodi kwa karatasi, akaitunza, akaitafutia pesa. Ukiwa na maiki bila karatasi, wewe ni fundi wa kurekodi. Ufundi ni kazi ya heshima, lakini usichapishe fulana.

Ndiyo, nimeziona fulana. Kila wiki naletewa picha ya kijana mwenye kofia imeandikwa CEO, nembo imechorwa, ukurasa umefunguliwa, na wimbo hana hata mmoja anaoweza kuapa kuwa ni wake. Mnataka kuitwa wakubwa kabla ya kuwa na kitu cha kukalia. Mnamkimbilia msanii mwenye jina, mnamlipia vidio kwa mkopo, halafu mnashangaa akihama. Daftari kwanza. Andika. Msanii akikataa kuandika, mpe chai, msindikize steji ya matatu.

Jina la biashara sajili kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, usilipie mtu wa kati. Kazi zako ziandikishe KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Hakimiliki ipo hata bila cheti, lakini siku ya ugomvi utakitaka cheti. Kuna vyama vya kukusanya pesa nyimbo zinapopigwa hadharani: mtunzi alijengewa MCSK, mwimbaji na mpiga ala PRISK, na mwenye rekodi, yaani wewe, KAMP. Leseni za vyama hivi zimekuwa na vurugu, kwa hiyo waulize KECOBO nani anaruhusiwa kukusanya mwaka huo. Kila rekodi iwe na namba yake ya utambulisho, ISRC, herufi na tarakimu 12, na ukihama kwa msambazaji mwingine wa nyimbo mitandaoni uhame nayo ile ile. Nimeona watu wakipewa mpya kila wanapohama, na hesabu za wimbo mmoja zikatawanyika.

Mitandaoni usitarajie makubwa. YouTube inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, au vidio fupi (Shorts) zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90, kabla ya kukugawia pesa ya matangazo. Spotify tangu 2024 hailipi wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 katika miezi 12. Chakacha yetu haikufika huko kwa muda mrefu. Ukienda redio, peleka faili safi, majina yote ya waliohusika yameandikwa, na usimpe mtangazaji bahasha. Wapo wanaoiomba. Wapo pia wasioiomba, na hao ndio watakaoupiga wimbo wako mwakani.

Na nimesema daftari? Narudia, daftari.

Mgao wetu, kwa kuwa wengi mmeuliza: tukilipia sisi kurekodi, pesa ya rekodi tunagawana nusu kwa nusu na msanii baada ya gharama kurudi, na gharama zimeorodheshwa nyuma ya karatasi hiyo hiyo, mpaka chapati. Utungo hatuugusi, ni wake. Mkataba ni wa miaka mitano. Ukiisha na hatukumfanyia kitu, anachukua rekodi yake anaondoka, na wawili wameshafanya hivyo kwa amani. Kijana wa Mikindani, nakala tupu ya fomu ya ami nimekutumia. Mahali pa shahidi usiweke rafiki yako mnayeshirikiana naye biti. Msanii amlete mamake.