Waliolipwa ujira hawakutoa siri

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza ni filamu ipi ya wizi inayoonyesha vizuri zaidi tamaa inavyovuruga mpango, na mpango wenyewe ulivunjikia wapi. Jibu langu ni The Killing, filamu ya Marekani ya mwaka 1956 iliyoongozwa na Stanley Kubrick. Haina rangi na ni ya dakika 85 tu. Kwa sehemu ya pili ya swali lenu, najua wengi watataja uwanja wa ndege, pale noti zinapopeperuka. Mimi nasema mpango ulikuwa umeshavunjika zamani, tangu siku Johnny, kiongozi wa wizi huo, alipoamua nani alipwe ujira na nani apewe mgao wa fedha zitakazoibwa.

Johnny Clay, aliyeigizwa na Sterling Hayden, ametoka gerezani baada ya miaka mitano. Analenga fedha za kamari za siku kubwa ya mbio za farasi, kama dola milioni 2 hivi. Wenzake wanne si majambazi wa kazi. Wana ajira na nyumba zao, ila kila mmoja ana lake linalomkaba: George ni karani wa dirisha la kamari anayedharauliwa na mkewe, Mike ni mhudumu wa baa ya uwanjani mwenye mke mgonjwa, Randy ni polisi anayedaiwa na mkopeshaji wa riba, na Marvin Unger ndiye anayetoa pesa za matayarisho. Hao ndio wenye mgao. Pembeni kuna wawili wa kukodi. Nikki atampiga risasi farasi anayetarajiwa kushinda, kwa dola 5,000. Maurice, mwanamieleka, ataanzisha ugomvi baa kwa dola 2,500. Hawa wawili hawaelezwi kazi zao zinaungana na nini.

Sasa angalieni siku yenyewe. Bunduki inaingia uwanjani ndani ya boksi la maua, na Mike analificha kwenye kabati lake la wafanyakazi. Maurice anaanza fujo, walinzi wanamvamia wengi kwa pamoja, na mlango waliokuwa wakiulinda unabaki bila mlinzi kwa muda mfupi. George anaufungua kutoka ndani, Johnny anapita. Katika mbio ya saba farasi anaanguka, umati unachanganyikiwa. Johnny, akiwa amevaa kinyago, anawaamuru wahesabu fedha wajaze mfuko, kisha anaurusha dirishani. Chini yupo Randy na gari la polisi, na nani atasimamisha gari la polisi? Mfuko unapelekwa moteli. Johnny anatoka mikono mitupu kama mtazamaji mwingine yeyote.

Hakuna kilichokwama hapo. Wizi ulifanikiwa! Hili ndilo watu husahau wanapoisimulia filamu hii. Nikki anauawa pale pale, kweli, lakini kosa ni lake binafsi. Mlinzi wa maegesho, Mmarekani mweusi, alimtendea wema na kumletea kiatu cha farasi cha kumtakia bahati, naye akamfukuza kwa tusi la ubaguzi. Tairi lake likatobolewa na kiatu kile kile alipotaka kukimbia. Hata hivyo kazi aliyolipwa aliimaliza, na siri hakuitoa, maana hakuwa nayo. Maurice naye alikamatwa akiwa kimya.

Siri ilitoka kwa mwenye mgao. Mtu wa ujira anajua atapata kiasi gani na lini, kwa hiyo hakeshi akipiga hesabu. Mwenye mgao anaanza kuutumia kabla haujafika. George anautumia kwa njia ya kusikitisha kabisa: anamwahidi mkewe, Sherry, utajiri ili asimwache. Sherry anampelekea habari hawara wake, Val, na Val hataki fungu la George peke yake, anataka mfuko mzima.

Tukio ninaloliona kuwa moyo wa filamu ni lile la Sherry kunaswa akisikiliza mlangoni. Johnny anamtazama na kumwelewa mara moja: mwanamke huyu anapenda pesa kuliko chochote. Hadi hapo yuko sahihi. Kisha anakosea vibaya, kwa sababu anaamini tamaa hiyo hiyo itamfunga mdomo mpaka mumewe alete fungu. Hakujiuliza Sherry angefanya nini akipata njia ya kuchukua zaidi. Siku ile mpango ulipaswa kufutwa, au George aondolewe. Lakini bila George mlango haufunguki, na mbio kubwa kama ile haingojei mtu.

Matokeo mnayajua. Val anaingia na bunduki chumba ambamo watu wanasubiri mgao, George anatokea chumba cha nyuma akifyatua, na wote wanakufa isipokuwa George, anayejikokota hadi nyumbani kumuua Sherry kabla naye hajakata roho. Johnny alikuwa amechelewa. Kuchelewa kukamwokoa, kukamwachia pia pesa zote peke yake.

Kwa atakayeitazama mara ya kwanza: hadithi inarudi nyuma mara kadhaa, na mwongozo wako ni sauti ya msimulizi anayetaja saa, pamoja na mtangazaji wa mbio. Ukisikia tena tangazo la mbio ile ile, ujue unaonyeshwa dakika zile zile kwa macho ya mtu mwingine.

Mwishoni kuna sanduku. Mtu aliyelipa dola 7,500 kwa farasi mmoja na ugomvi mmoja ananunua haraka haraka sanduku kubwa kuliko yote aliyoyaona, na kulifunga kunamshinda. Shirika la ndege linakataa asiingie nalo ndani kwa ukubwa wake. Anabishana, kisha anakubali likapakiwe na mizigo mingine. Mtazameni vizuri pale kaunta. Angeweza kughairi safari, akaondoka na sanduku lake mkononi. Na kabla hata halijapandishwa kwenye kigari cha mizigo, yupo pale karibu mama mmoja aliyepakata kijibwa, kijibwa ambacho kitamponyoka na kukatiza mbele ya kigari, sanduku lianguke na noti zipeperuke.