Mpare na kata ya mbege

Swali lenu la wiki hii linasema: "Babu na bibi walikuachia nini ambacho bado unakifanya sikukuu zinapofika?" Mimi niliachiwa kazi ya kupika mbege ya Krismasi, ile pombe ya ndizi na ulezi ya Wachagga, na aliyeniachia hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa bibi wa mume wangu, wa Kilema, huko juu mlimani. Mimi ni Mpare wa Gonja, wilaya ya Same, niliyeolewa Uchagani na kuhamia Moshi mjini. Wanaojua utani wa makabila haya mawili wameshaanza kucheka, nawaacha wacheke. Siku ya harusi yangu nilisimuliwa yote, likiwemo la Mpare anayeuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, nami nikawarudishia lao la kudondosha shilingi karibu na maiti ya Mchagga ili watu wawe na hakika kwamba amekufa kweli.

Jinsi Wachagga wanavyorudi nyumbani Desemba sina haja ya kueleza. Mabasi ya Dar es Salaam yanajaa, na tangu treni ya abiria irudi Moshi Desemba 2019, baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20, nayo inajaa. Kule juu, kwenye vijia vya migombani, magari yanapishana kwa kuombana radhi. Lisilosemwa sana ni kwamba wengi wa hao wageni hufika tarehe 22 au 23 na kukuta kila kitu kiko njiani kuwa tayari. Wanauliza tu, "Mbege ipo?" Ipo. Lakini kuna mtu alianza kuihangaikia wakati wao bado wanafungua maduka Kariakoo.

Bibi alikuwa akianzia hesabu kwenye Krismasi yenyewe na kurudi nyuma. Mbege hainyweki kabla ya siku yake na haikai baada ya siku yake. Ukiiacha siku mbili tatu inageuka kali, wanabaki nayo wazee wachache wanaoipenda hivyo. Kwa hiyo ilikuwa lazima ajue siku ya kukata ndizi. Alizikata zikiwa zimekomaa lakini bado za kijani, akazipandisha darini jikoni, juu ya moshi wa kuni, akazifunika kwa majani makavu ya mgomba. Vuli ikiwa na mvua nyingi na ukungu haufunguki, ndizi huchelewa, na yeye aliongeza siku. Hakuangalia kalenda, alipanda ngazi, akabonyeza ndizi moja kwa kidole gumba, akashuka na kutoa hukumu.

Ndizi zikishaiva humenywa na kuchemshwa kwenye sufuria kubwa kwa saa nyingi mpaka zinabadilika rangi na kuwa kama matofali. Unaziacha zipoe, unazifunika, zinakaa siku kadhaa zikichacha. Wenyewe huita nyalu. Huku nyuma kuna ulezi: unalowekwa, unafunikwa mpaka uote, unaanikwa, unasagwa. Siku ya mwisho nyalu inachujwa kwa maji, unga wa ulezi unapikwa uji, na hapo ndipo linapoingia gome la msesewe, ule mti mchungu unaoipa mbege ladha yake. Uji ukishapoa vinachanganywa, vinalala usiku mmoja, na asubuhi povu limepanda hadi mdomoni mwa pipa.

Yote hayo mtu anaweza kuyaandika kama nilivyoyaandika hapa. Shida ni msesewe. Ukizidi, watu wanakunja nyuso kistaarabu na kuweka chini kata, kile kibuyu cha kunywea. Ukipungua, ni uji wa ndizi. Bibi hakuwa na kijiko wala kikombe cha kupimia, alipima kwa ulimi, na maelekezo yake yote juu ya jambo hilo yalikuwa sentensi moja: "Uchungu uje mwishoni, usije mwanzoni." Aliniambia hivyo kwa Kiswahili kwa sababu Kichagga changu kiliishia kwenye "shimbonyi" ya kusalimia na "aika" ya kushukuru. Alinionjesha, akanitazama usoni, akaniuliza uchungu umekuja lini. Nilipoanza kujibu sawasawa akaacha kuuliza.

Watu hudhani alinichagua kwa mapenzi. Alinipenda, ndiyo, lakini alinichagua kwa sababu nilikuwa karibu. Mawifi zangu wameolewa mbali, wake wa mashemeji wako Dar na Mwanza, mimi niko Moshi mjini, naweza kupanda Kilema asubuhi na kushuka jioni. Akihitaji mtu wa kushika upande wa pili wa chujio, nilikuwepo. Naona jambo hili halizungumzwi vya kutosha tunapolia kwamba mila zinapotea. Tunamtafuta mrithi mwenye jina la ukoo, mwenye damu, ikiwezekana mwenye shahada, na kazi yenyewe inataka mtu anayeweza kufika Jumanne.

Wifi yangu mmoja alikuja mwaka fulani na simu yake nzuri, akasema atarekodi kila hatua ili watoto wa watoto wetu waone. Wazo zuri. Bibi alimwacha arekodi kidogo, kisha akamwambia, "Shika hapa." Wifi akashika, simu akaiweka kwenye kigoda, na sehemu kubwa ya video ile ni paa la jiko na sauti za watu wakibishana kuhusu kuni. Bado iko kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Inapendwa sana, hasa sehemu Bibi anapocheka, lakini sijasikia aliyepika mbege kwa kuitazama.

Babu sikumkuta. Namfahamu kwa yale watu wanayosema angefanya, na Desemba ndipo anaposemwa zaidi, maana Krismasi ya boma lile ilikuwa yake. Kihamba, lile shamba la ukoo la migomba na kahawa, ndicho kilichoilipia. Kilema ni mahali ambapo wamisionari Wakatoliki walipanda kahawa tangu miaka ya 1890, na babu alikuwa mwanachama wa chama cha msingi chini ya KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa wa mwaka 1933 ambao wazee wa hapa hawachoki kuutaja. Kahawa huanza kuchumwa katikati ya mwaka na kuisha karibu na Desemba, kwa hiyo malipo na sikukuu vilikutana. Baba mkwe anasema kiatu chake cha kwanza, gauni la mama yake na mbuzi wa Krismasi vyote vilitoka kwenye magunia yale yale. Sasa kihamba kimegawanywa kwa wana, kisha kwa wana wa wana, na penye mibuni mingi zamani kuna nyumba tatu na gereji.

Lakini kanuni ya babu inayokumbukwa kuliko zote haikuhusu fedha. Alisema mbuzi hachinjwi kama kuna watu wawili ndani ya boma hawasemezani. Kuna Krismasi moja, mume wangu akiwa mdogo, baba mkubwa na baba mdogo walikuwa wamegombana juu ya mpaka. Mipaka kule ni masale, ile mimea ya majani marefu, na mmoja alimtuhumu mwenzake kwamba ameyang'oa usiku na kuyapanda hatua mbili mbele. Misa ikaisha, watu wakarudi, mbuzi amefungwa kwenye mti na kisu kimenolewa, babu amekaa kwenye kigoda chake hana habari. Saa saba. Saa nane. Watoto wanalia njaa, mama zao wanawalisha mtori kimyakimya nyuma ya nyumba. Mwishowe baba mdogo akaondoka, akakata jani la isale, akalifunga fundo, akampelekea kaka yake. Kwa mila ya Kichagga mtu akikujia na isale kuomba radhi hukatai, hata uwe na haki namna gani. Kaka akalipokea. Babu akasimama na kuuliza kwa nini hadi sasa nyama haijawekwa motoni.

Kisa hicho hurudiwa kila mwaka, na kila mwaka masale yanazidi kusogea. Mara ya mwisho kusimuliwa zilishakuwa hatua tano.

Nami nimeishuhudia kanuni hiyo ikifanya kazi babu akiwa kaburini. Kulizuka maneno kati ya mashemeji zangu wawili kuhusu nani ajenge wapi. Mmoja, ambaye yuko mbali na ana haraka, alituma kwenye kundi la WhatsApp picha ya isale aliyoitoa intaneti, ikiwa na kile kialama cha mikono iliyounganishwa. Watu wakaitikia kwa furaha, mambo yameisha. Bibi aliposomewa alisema, "Jani halitumwi, linabebwa." Basi shemeji alilibeba. Alifika tarehe 24 usiku, amechoka na vumbi la njia nzima, akaenda kulikata kwa mwanga wa simu.

Kuhusu makaburi nitasema kidogo. Wazee wetu wamelala kihambani, hatua chache kutoka mlangoni, na siku ya mkesha tunayafagia na kung'oa majani. Siku hizi wengi wanaweka marumaru juu, inapendeza na haioti magugu. Bibi alikataza yake isiwekwe. Alisema akiwekewa marumaru hakuna atakayeinama pale. Tuliheshimu, na majani yanaota kwelikweli.

Kuna wanaosema mbege yangu si ya asili kwa sababu ulezi nanunua soko la Mbuyuni, na ndizi nyingine nanunua Marangu Mtoni za kwetu zikipungua. Hao siwasikilizi. Bibi naye alinunua ulezi, wa kutoka tambarare, na hakuona aibu. Ninachokataa ni kununua mbege iliyokwisha kupikwa, ingawa ipo, ni nzuri, na hesabu ikipigwa ni rahisi kuliko yangu. Baba mdogo huliuliza jambo hilo kila Novemba. Jibu ni kwamba ile wiki ya kupika ndiyo sikukuu yangu. Nimejua mambo ya familia ile jikoni, mikono ikiwa kwenye chujio: nani alimlea nani, mtoto gani alifariki mdogo na jina lake likapewa mwingine, kwa nini upande ule wa kihamba hauuzwi, babu alimwona wapi Bibi kwa mara ya kwanza (kwenye foleni ya kupima kahawa, na alijifanya hamwoni). Kama ningemkalisha na kumwambia, "Bibi, nisimulie historia," angesema hakuna la kusimulia. Niliwahi kumsikia akimwambia hivyo kijana aliyekuja na daftari. Nusu saa baadaye, akimenya ndizi, alinisimulia mimi.

Sasa hayuko, na mengine yamebadilika. Moto wa kuni nimeubakiza kwa ndizi tu, ulezi unasagwa mashineni. Binti yangu, aliyezaliwa mjini na ambaye Kichagga chake hakifiki hata changu, ndiye anayepanda ngazi na kubonyeza ndizi. Ana kidole kizuri. Kuonja msesewe bado hajaruhusiwa, lakini anasimama pale na kuangalia uso wangu, anasema, "Mama, umezidisha," na mara nyingi anasema kweli. Chupa moja ndogo humpelekea bibi yake wa Gonja, mama yangu, Mlutheri mkali, ambaye huonja kijiko kimoja kwa adabu na kusema uji wa watu umeharibika njiani.

Bibi yangu wa Gonja naye aliniachia chake, msije mkasema nimemsahau. Aliniachia makande ya kupikwa usiku kucha juu ya makaa, mahindi yakalainika bila kupasuka. Nilianza kuyapika Kilema tarehe 26, watu walipokuwa wamekinai ndafu na kisusio, ile supu yenye damu ya mbuzi, na hakuna anayetaka kuona mfupa. Mwanzoni yalikuwa mzaha, walikuwa wanasema Mpare ameleta chakula cha kubana matumizi. Siku hizi kuna wanaobaki hadi tarehe 27 kwa ajili ya kilichobaki sufuriani. Baba mkubwa amekwisha kupiga simu kuuliza kama mwaka huu yatakuwepo. Nimemwambia alete mahindi na maharage, chumvi ninayo.